Neno Rafiki na Jicho la Jirani

Monica Arac de Nyeko, mtunzi wa Uganda, alitunukiwa Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi fupi iitwayo Jambula Tree. Jambula ni tunda ambalo Waswahili huliita zambarau. Hadithi yenyewe ni barua: Anyango, aliyebaki nyumbani katika mtaa wa Nakawa mjini Kampala, amwandikia Sanyu, ambaye wazazi wake walimpeleka London baada ya mapenzi ya wawili hao kufichuliwa chini ya mzambarau.

Ubora wa hadithi hii hautokani na kutetea hoja. Kwa kuwa ni barua, msomaji husikia sauti moja tu, naye hulazimika kumjua Anyango kabla ya kumhukumu. Mapenzi yake hayaonyeshwi kuwa ugonjwa wala uigaji. Na Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya namna hiyo katika orodha ya maradhi mwaka 1990. Kinachougua katika hadithi ni mtaa. Mama Atim, jirani msengenyaji, ndiye abebaye habari nyumba kwa nyumba. Wahenga waliouliza, "Pilipili usoila yakuwashiani?" walimjua mtu wa tabia hiyo. Adhabu aitoayo haina hakimu wala gereza, lakini ina aibu, kimya na utengano wa miaka.

Mwaka 2018 Wanuri Kahiu wa Kenya aliigeuza hadithi hiyo kuwa filamu, akaihamishia Nairobi na kuipa jina la Kiswahili, Rafiki. Jina hili lastahili kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa lugha. Wanawake kama Kena na Ziki hawawezi kumtaja mpenzi mbele ya wazazi; humwita rafiki, na neno la heshima likawa pazia. Kwa upande wa pili liko neno shoga, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa upendo, na ambalo pia hutupwa kama jiwe kwa mwanamume apendaye wanaume. Basi lugha imewaachia watu hawa njia mbili: kujificha ndani ya jina jema, au kupigwa kwa jina baya.

Filamu ina dosari yake. Ushindani wa baba wawili wagombeao kiti kimoja wachukua nafasi kubwa, hata ukali wa jicho la jirani ukapungua. Hata hivyo mwisho wake wa matumaini ni wa kijasiri. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku mwezi Aprili mwaka 2018, kwa madai kwamba yaeneza usagaji. Mwezi Septemba Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na watazamaji wakajaza kumbi. Mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo ilikataa kuvifuta vifungu vya sheria viwezavyo kumfunga mtu miaka 14 kwa mapenzi ya jinsia moja.

Sheria huandikwa na wachache, bali maneno hutumiwa na wote. Kabla Sanyu hajapandishwa ndege, mtaa ulikuwa umekwisha kumfukuza kwa ulimi. Hapo ndipo kazi hizi mbili zimgusapo mwenye lugha: kila amwitapo mtu kwa jina, achague kama atakuwa Mama Atim au atakuwa rafiki.