Soketi Iliyolala

Ford F-150 Lightning ina urefu wa karibu mita 6, na soketi yake ya kuchajia iko kwenye madigadi ya mbele, kushoto. Magari ya Tesla yana yake nyuma, jirani na taa, na kebo za vituo vingi vya Tesla huko Marekani zilikatwa kwa kipimo cha magari hayo. Ni fupi. Tangu Ford ziruhusiwe kuchaji hapo, mwanzoni mwa 2024, pikapu hii imekuwa mgeni asiyejua pa kukaa. Ikiingia sawasawa, kebo haifiki. Ikijisogeza ifikiwe, imeziba nafasi ya jirani. Ndipo fundi mwenye subira anapolala chini ya fremu na kuanza kupima njia ya kupeleka soketi ya pili nyuma.

Fundi wa umeme wa nyumbani atasema ni kuunga waya tu, kama unavyoongeza soketi sebuleni. Akifanya hivyo, gari litachaji bila tatizo. Ila wakati linachaji kwa mbele, pini za nyuma nazo zitakuwa na moto, takriban volti 400 za mkondo mnyoofu, nyuma ya kifuniko kidogo ambacho mtoto yeyote anaweza kukifungua. Hapo ndipo ninapoipendea kazi hii: akili yake yote imewekwa kwenye soketi ambayo kwa saa hiyo hakuna anayeitumia.

Ili ilale, inahitaji kontakta zake yenyewe, moja ya chanya na moja ya hasi. Kontakta ni swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme. Umeme wa nyumbani hupita kwenye sifuri mara mia au zaidi kwa sekunde, kwa hiyo cheche yake hujifia. Mkondo mnyoofu haupumziki, na cheche yake hunyooka kama utepe wa moto. Kwa sababu hiyo chumba cha kontakta huzibwa na kujazwa gesi, na sumaku huwekwa pembeni kuisukuma cheche mpaka ikatike. Hata hivyo ncha zake zinaweza kuyeyuka zikagandana. Fundi makini haamini kwamba swichi imefunguka kwa sababu tu ameiamuru ifunguke; anaweka waya wa kupima upande wa pili, apate ushahidi.

Kuna pia waya mwembamba wa mazungumzo. Kabla ya umeme wowote kupita, gari na kituo huulizana: una volti ngapi, unataka ampea ngapi, kebo imeshika? Ishara hizo ni za masafa ya redio, na huvuja hadi kwenye kebo za jirani. Gari hutoa sauti, vituo vyote vilivyosikia hupima ukali wake, na kile kilichosikia kwa nguvu kuliko vingine ndicho kilichoshikana nalo. (Sijui mwanadamu aliyebuni hilo alikuwa amekaa wapi, lakini nahisi palikuwa na kelele.) Sasa ukiuacha waya wa soketi ya pili ukining'inia kama tawi, ishara hufika mwisho wake na kurudi kama mwangwi, mazungumzo yakavurugika. Kwa hiyo tawi nalo hukatwa kwa swichi ndogo, karibu kabisa na njia panda.

Umeme wenyewe hupelekwa nyuma na kebo nene ya rangi ya machungwa. Ya milimita 95 za mraba, ikibeba ampea 300 hupoteza wati 17 hivi kwa kila mita. Joto hilo limetandazwa, halina neno. Lakini kiungo kibaya chenye miliomu 1 tu huzalisha wati 90 mahali pamoja padogo kama kidole gumba, karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 100. Ndiyo maana fundi huchuna ganda la waya bila kuchubua hata unyuzi mmoja, akausukuma ndani ya kichwa cha shaba, akaubana kwa mashine ya haidroliki. Kisha kimoja cha majaribio anakipasua kwa msumeno. Kikiwa sawa, nyuzi hazionekani tena. Kuna shaba tupu yenye pembe sita, kama kijumba cha sega la nyuki. Nati hukazwa kwa spana ya kipimo na kuchorwa mstari wa rangi, ili ikilegea mwaka kesho ionekane kwa jicho.

Siku ya kujaribu, anachomeka mbele. Feni zinavuma, kioo kinaonyesha kilowati zikipanda. Yeye yuko nyuma, glavu za mpira mikononi, kwanza akiipima mita yake kwenye betri anayojua ina umeme, kisha kwenye pini za soketi mpya, kisha tena kwenye ile betri asije akadanganywa na mita mbovu. Betri, volti 12. Pini, sifuri. Betri, 12. Anachomoa mbele, anachomeka nyuma, anaizunguka pikapu na kuanza upya.