Jedwali Lililoshinda Hotuba: Kaunti za Kenya Zilivyopigania Mgao Wao Bungeni

Gavana wa kaunti nchini Kenya hana kura Bungeni. Anaweza kuitwa mbele ya kamati ya Seneti akahojiwa juu ya madeni ya wakandarasi hadi jasho limtoke, lakini mswada unaoamua kama hospitali zake zitakuwa na dawa hupigiwa kura na watu wengine. Wawakilishi wadi nao wanapitisha bajeti ya kaunti bila kujua kwa hakika ni kiasi gani kitatoka Nairobi. Kila mwaka, basi, serikali 47 za mashinani hulazimika kuwashawishi wabunge na maseneta ambao hawawajibiki kwazo.

Namna ushawishi huo unavyofanywa haizungumzwi vya kutosha. Magazeti hutuonyesha magavana wakihutubia wanahabari, nasi tunadhani hapo ndipo kazi ilipo. Mivutano ya 2019 na 2020 inaonyesha vingine. Mwaka 2019 kaunti zilidai nyongeza kwa sauti moja, zikaandamana, zikaenda hadi Mahakama ya Juu, na zikarudi na shilingi bilioni 2.5 tu juu ya mgao wa mwaka uliotangulia. Mwaka 2020 zilikuwa zimegawanyika vibaya, zikikaribia kutupiana matusi, lakini mgogoro huo ukazaa nyongeza ya bilioni 53.5. Tangu ugatuzi uanze 2013, mgao haukuwahi kupanda kiasi hicho kwa mkupuo mmoja.

Kwa maoni yangu, siri iko katika mambo mawili: mlango uliobishwa, na karatasi iliyowekwa mezani.

Tuanze na mlango. Katiba ya 2010 imetenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kaunti zote kwa pamoja zipate kiasi gani kutoka kwa mapato ya taifa. Hilo huamuliwa kila mwaka kwa Mswada wa Ugavi wa Mapato, ambao lazima upite katika Bunge la Taifa na Seneti. Mabunge mawili yakitofautiana, huundwa kamati ya upatanishi yenye wajumbe sawa kutoka kila upande, na kamati hiyo ikishindwa kuelewana ndani ya siku 30, mswada unakufa. La pili ni jinsi kaunti zitakavyogawana kiasi hicho, na fomula yake imeachiwa Seneti chini ya Kifungu cha 217. Bunge la Taifa linaweza kuikataa au kuibadilisha, lakini kwa thuluthi mbili ya kura, na likikaa siku 60 bila kufanya hivyo, fomula inahesabiwa kuwa imepita.

Katika Seneti, tena, suala la kaunti halipigwi kura kwa vichwa. Ujumbe wa kila kaunti una kura moja. Lamu, yenye watu 143,920 katika sensa ya 2019, ina kura ileile ya Nairobi yenye watu 4,397,073. Anayetaka kuelewa kwa nini mwaka 2020 kaunti ndogo hazikumezwa, jibu kubwa liko hapo.

Sasa 2019. Wizara ya Fedha ilipendekeza kaunti zipewe bilioni 310, ilhali mwaka uliotangulia zilikuwa zimetengewa 314. Tume ya Ugavi wa Mapato, ambayo Katiba imeipa jukumu la kushauri, ilitaja kiasi cha bilioni 335 na zaidi kidogo, na Seneti ikakishika. Bunge la Taifa likakataa. Upatanishi ukavunjika, mswada ukafa. Mwaka mpya wa fedha ukaingia tarehe 1 Julai kaunti zikiwa hazina sheria ya kuzipa hata senti, huku Bunge la Taifa likiwa limekwisha kupitisha matumizi ya serikali kuu. Magavana wakaelekea Mahakama ya Juu kuomba ushauri. Ilipofika Septemba, kaunti zilizokuwa zimekaukiwa zikakubali bilioni 316.5.

Hoja ya magavana ilikuwa ya haki kabisa. Lakini tazama ilivyojengwa. Ilisema: mahitaji yameongezeka, gharama ya afya imepanda, Tume yenyewe imesema 335. Upande wa pili ulijibu kwa kauli moja fupi, kwamba mapato ya taifa hayakufikia lengo. Mbunge wa eneo bunge aliyesikiliza pande zote mbili hakuona chochote kilichomgusa yeye. Tofauti ya 335 na 316 haikuwa na jina la kijiji chake. Zaidi ya hapo, kila shilingi inayokwenda kwa gavana haipiti mikononi mwa wizara wala katika hazina ya maendeleo ya eneo bunge. Kumwambia mbunge huyo kwamba kaunti zinateseka ni kumwomba apunguze sahani yake mwenyewe.

Kutegemea pendekezo la Tume kama ngao nako kulikuwa na kasoro ya kisheria, iliyobainika Mei 2020 Mahakama ya Juu ilipotoa ushauri wake: mapendekezo ya Tume hayalifungi Bunge mikono, ingawa ni lazima yatiliwe maanani. Hata hivyo, kaunti hazikutoka mikono mitupu. Mahakama ilisema Bunge la Taifa haliwezi kupitisha sheria ya matumizi kabla ya sheria ya ugavi wa mapato kupatikana. Kwa mtu wa kawaida hilo ni suala la utaratibu tu. Kwa mtaalamu wa bajeti ni silaha nzito, maana lilikuwa linaondoa uwezo wa upande mmoja kula na kushiba huku ukimsubirisha mwenzake kwa njaa hadi akubali chochote.

Kuna jambo jingine ambalo magavana walikuwa nalo 2019 na, kwa tathmini yangu, hawakulitumia ipasavyo. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato, kwa kuhesabu kutoka kwa hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Maneno ya mwisho ndiyo mtego. Bunge hilohilo likichelewa kuidhinisha hesabu, kipimo kinabaki cha zamani. Bilioni 314 za mwaka 2018/19 zilitangazwa kuwa karibu asilimia 34 ya mapato. Anayesikia hivyo anajiuliza kaunti zinalalamikia nini, zikipata zaidi ya mara mbili ya kiwango cha Katiba. Ila mapato yaliyotumika kama kipimo yalikuwa ya 2013/14, ya miaka mitano nyuma. Ukipima kwa mapato ya mwaka wenyewe, asilimia hiyo inaporomoka. Jedwali la safu mbili, moja ya hesabu za zamani na nyingine ya mapato halisi, lingewekwa mbele ya kila mbunge na kila mhariri wa gazeti kabla mswada haujasomwa mara ya kwanza, mjadala ungeanza mahali pengine.

Mwaka 2020 swali lilikuwa la pili, la fomula. Tume ilileta mapendekezo yaliyozinufaisha kaunti zenye watu wengi, nazo zikayapokea kwa kaulimbiu ya mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Nisiwaonee: mkazi wa Kiambu anayepanga foleni hospitalini pamoja na maelfu wengine ana haki ya kuuliza kwa nini mgao wake kwa kichwa ni mdogo kuliko wa mwenzake wa Isiolo. Lakini jedwali lililoambatana na mapendekezo hayo lilionyesha kaunti baada ya kaunti za Pwani, Kaskazini na Kaskazini Mashariki zikipoteza pesa ambazo tayari zilikuwa zikilipia wauguzi na barabara.

Jedwali hilo lilifanya kazi ambayo hotuba za 2019 hazikuifanya. Seneta alilifungua, akateremsha kidole hadi kwenye jina la kaunti yake, akaona alama ya kutoa. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Hapo misimamo ya vyama ikalegea: maseneta wa pande zote mbili za kisiasa wakajikuta kambi moja kwa sababu safu zao zilikuwa na upungufu uleule. Baraza la Magavana, lililokuwa likiongozwa na Wycliffe Oparanya wa Kakamega, halingeweza kuchagua upande bila kupasuka, kwani wanachama wake walikuwa washindi na washindwa kwa pamoja. Kazi ya ushawishi ikashuka kwa miungano ya kikanda, hasa Jumuiya ya Kaunti za Pwani na muungano wa kaunti za mpakani kaskazini, ambayo haikuwa na mgongano huo wa ndani.

Hoja yao nayo ilibadilika sura. Hawakuomba kuhurumiwa kwa sababu ni maskini. Walirudi kwenye Jedwali la Nne la Katiba, linaloorodhesha kazi za kaunti, wakauliza: kazi hizi zinagharimu nini, na wapi? Chanjo ileile inayomfikia mtoto wa mjini kwa mwendo wa dakika chache, Marsabit husafirishwa ndani ya kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 65,000, pengine kwa gari linalopaswa kubeba jokofu, mafuta ya ziada na askari wa kulilinda. Idadi ya watu haiwezi kukuambia gharama ya safari hiyo.

Seneti ilikwama wiki kwa wiki. Tarehe 17 Agosti polisi waliwakamata maseneta watatu, Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Lang'at wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu, wote wa kambi iliyopinga fomula hiyo. Lilikuwa kosa kubwa la walioamuru na doa kwa nchi yenye Katiba ile. Kikao kiligeuka kuwa cha kulaani ukamataji, na suluhu ikakabidhiwa kamati maalumu ya maseneta 12 chini ya uenyekiti wa pamoja wa Moses Wetang'ula na Johnson Sakaja. Kwa upande mwingine, Rais Uhuru Kenyatta aliahidi nyongeza ya takriban bilioni 50 endapo maelewano yangepatikana. Tarehe 17 Septemba, siku ambayo magavana walikuwa wametangaza kufunga shughuli za kaunti kwa kukosa fedha, Seneti ikapitisha fomula bila kupingwa.

Ni vyema kuifungua fomula yenyewe, maana ustadi umejificha humo. Kila kaunti kwanza ilihakikishiwa nusu ya mgao wake wa 2019/20. Zilizobaki zikagawanywa kwa vigezo: mgao wa sawa kwa wote asilimia 20, idadi ya watu 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ukubwa wa eneo 8, barabara 8 na huduma za mijini 5.

Tuipitishe Lamu ndani yake. Mgao wake wa zamani ulikuwa kama bilioni 2.6, kwa hiyo nusu yake ni 1.3. Nusu ya bilioni 316.5 za nchi nzima ni 158.25, ukiitoa katika 370 zilizoahidiwa kuanzia 2021/22, zinabaki 211.75. Asilimia 20 ya hizo ni bilioni 42.35, ambazo zikigawanywa kwa kaunti 47 kila moja inapata kama milioni 901. Lamu ina bilioni 2.2 kabla hajahesabiwa mtu hata mmoja. Vigezo vingine vilipoongezwa, ikafika takriban 3.1. Kiambu nayo ilipanda, kupitia idadi ya watu na afya. Hakuna aliyeondoka na alama ya kutoa, na gharama ya amani hiyo ikalipwa na Wizara ya Fedha, ambayo mwaka mmoja tu kabla ilikuwa imesema haina pesa.

Hapo ndipo ninapoona umahiri wa kweli. Kaunti zilizokuwa hatarini hazikujaribu kuwashinda wenzao. Zisingeweza, na hata zingeweza, chuki ingebaki. Zilitumia uzito wa kura zao katika bunge ambalo kura zote ni sawa, zikaufanya ugawaji wowote usiwezekane mpaka kiasi chenyewe kiongezwe. Swali la pili likavuta swali la kwanza nyuma yake.

Lakini wafanyakazi wa kaunti walilipia pia. Mishahara ilichelewa katikati ya janga la korona, na wahudumu wa afya ndio waliobeba mzigo mzito kuliko wote. Sidhani kuna gavana au seneta anayepaswa kusahau hilo anapojisifia ushindi wa Septemba ile.

Tanzania inafuata njia tofauti inayofaa kutajwa hapa. Huko mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, kwa hiyo anaisikia bajeti ya halmashauri akiwa ndani ya kikao. Kenya haina daraja hilo. Seneta anaweza kumaliza mwaka bila kuketi na wawakilishi wadi wa kwao. Pengo hilo huzibwa kwa karatasi, na pale karatasi ni mbovu, halizibiki.

Yaliyofuata yanaonyesha wazi kilichodumu na kisichodumu. Kiasi hakikudumu kwa urahisi: mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana, mgao uliokuwa umetiwa saini wa bilioni 400.1 ulipunguzwa, na baada ya mvutano mwingine kati ya mabunge mawili ukatua kwenye 387.425. Mbinu ya fomula, kinyume chake, ilishika mizizi. Fomula ya nne, iliyopitishwa 2025, ilianza kwa kulinda mgao wa 2024/25 wa kila kaunti kabla ya kugawanya ziada.

Na ule mtego wa hesabu za zamani bado umetegwa palepale. Mswada wa 2024 ulipima mgao kwa mapato ya 2020/21. Kamati ya Bunge la Taifa ya hesabu za umma ndiyo inayoshikilia ufunguo, na humo hakuna kiti cha gavana wala cha seneta. Baraza la Magavana lina wataalamu wa fedha wa kutosha kuandaa, kila robo mwaka, orodha ya hesabu zilizokaguliwa ambazo hazijaidhinishwa, pamoja na shilingi ambazo kila kaunti ingeziona kwenye safu yake kama kipimo kingekuwa cha mwaka uliopita. Orodha hiyo ianze kuwafikia wabunge mwezi Oktoba, mmoja mmoja, ikiwa na jina la kaunti ya kila mmoja juu, muda mrefu kabla ya tarehe 15 Februari ambapo Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni na nambari huanza kuganda.