Mkono wa Mpiga Chelo

Wapenzi wa taarabu ya Unguja wanaijua chelo: ndugu mkubwa wa fidla, yenye nyuzi nne, hupigwa kwa kukaa huku ikibanwa katikati ya magoti. Katika okestra kubwa za Ulaya na Marekani chelo hukaa 8, 10, hata 12 pamoja, na kila mpigaji hudaiwa jambo gumu: awe fundi kamili, kisha asisikike peke yake. Tumezoea kumsifu anayekaa mbele ya okestra akatajwa kwenye bango. Mimi namsifu aliye safuni, na namsifu zaidi anapokuwa mwalimu.

Mfano wangu ni mpiga chelo Leonard Rose. Alizaliwa Washington mwaka 1918, akafundishwa na Felix Salmond katika Chuo cha Curtis, Philadelphia. Akiwa na miaka 20 tu alikwisha kuingia okestra ya NBC, chini ya kondakta Arturo Toscanini, ambaye ukali wake mazoezini uliogopwa na wakongwe. Mwaka 1939 akawa kiongozi wa chelo katika okestra ya Cleveland, na mwaka 1943 New York Philharmonic.

Kiongozi wa chelo ndiye anayeamua upinde uvutwe wapi na urudishwe wapi. Wenzake humfuata, ndiyo maana pinde zote huonekana kwenda na kurudi kwa pamoja. Na ipo siku yake. Katika konseto ya pili ya piano ya Brahms, sehemu ya tatu inaanza kwa chelo moja kubeba wimbo, na mpiga piano, mgeni rasmi wa usiku huo, anangoja.

Kazi yenyewe imo katika mkono wa kulia. Upinde ni fimbo nyembamba iliyofungwa singa za farasi zilizopakwa ulimbo mkavu. Karibu na vidole ni mzito, nchani ni mwepesi. Ukiuachia tu, sauti inakuwa nene kisha inakonda. Kwa hiyo mpigaji huongeza uzito wa mkono polepole kadiri upinde unavyokwisha, na unapogeuza njia, kiwiko hutangulia, kifundo hufuata, vidole humalizia. Kwa asiyeujua mkono huo husikika kikwaruzo kila upinde ugeuzwapo. Rose alipopiga, hukusikia mgeuko. Ulisikia pumzi moja ndefu. Hilo ndilo analoanza nalo mwalimu wa chelo, na hamalizi kulifundisha.

Mwaka 1951 aliiacha okestra akapige peke yake, lakini kufundisha hakukuacha. Alifundisha Curtis, na Juilliard, New York. Mpiga chelo Yo-Yo Ma alipelekwa kwake akingali mtoto. Mwanafunzi wake mwingine, Lynn Harrell, mwaka 1964 alipewa kiti cha kiongozi wa chelo Cleveland, kilekile alichokalia mwalimu wake. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kuliko makofi ya ukumbi wowote: siri ya mkono haiandikiki kitabuni ikatosha, lazima mtu akae mbele ya mtu, akamshike kifundo, akamwambie rudia.

Rose alifariki mwaka 1984. Itafute Schelomo, tungo ya Ernest Bloch, ambayo Rose aliirekodi na okestra ya Philadelphia chini ya Eugene Ormandy, na usikilize zile noti ndefu mpaka mwisho.