Ebrahim Hussein: Mtunzi Aliyekuwa Mhakiki, na Funzo la Karatasi Zetu

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu jiulize swali hili: unapoorodhesha sifa za mhusika katika tamthilia, je, unahakiki mchezo au unasoma riwaya iliyokatwakatwa kuwa mazungumzo? Miongozo mingi imetuzoesha hilo la pili. Makala haya yanakuomba umtazame Ebrahim Hussein, si kama mtunzi tu, bali kama mhakiki wa tamthilia.

Hussein alizaliwa Kilwa mwaka 1943. Wengi wetu tunamjua kwa Kinjeketile (1969) na Mashetani (1971). Wachache wanakumbuka kwamba alikwenda Berlin Mashariki, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, akaandika tasnifu ya uzamifu kuhusu ukuaji wa tamthilia katika Afrika Mashariki. Huo ulikuwa mji wa Brecht, na mtazamaji wa Brecht hutakiwa kufikiri, si kulia tu.

Sasa linganisha. Kinjeketile imejengwa kwa matendo na mgogoro unaopanda hadi kilele. Baada ya utafiti wake, Hussein alitoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976), ambamo umbo la masimulizi ya jadi linashika nafasi ya mazungumzo ya kawaida ya jukwaani. Anayesoma kazi hizi bila kumjua mhakiki aliyemo ndani ya mtunzi atasema tu kwamba ni ngumu. Anayemjua ataona mtu anayejaribu jukwaani swali aliloliuliza katika utafiti: tamthilia yetu ichipuke kutoka wapi?

Hussein alijiuzulu kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Miaka miwili baadaye ikatoka Kwenye Ukingo wa Thim. Tamthilia hii inatuhusu sisi wa Gataka kwa karibu. Chanzo chake ni kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe katika shamba lao la Upper Matasia, hapa hapa Kajiado. Ukoo ukataka Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulishinda, naye akazikwa huko Mei 1987. Mwanafunzi wangu anaipita njia ya Matasia kila wiki, lakini hakujua kwamba ardhi hiyo imo katika fasihi ya Kiswahili. Nilipomweleza, Martha wa tamthilia aliacha kuwa "mhusika mkuu wa kike" tu, akawa jirani.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Tuna mashairi mengi ya Muyaka kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya, W. E. Taylor akayahifadhi, na karatasi hizo zikafika London. Mohamed Abdulaziz alizitumia katika kitabu chake cha 1979. Bila karatasi, hakuna Muyaka darasani.

Nasi je? Katika shule moja niliyofundisha, miswada ya michezo ya tamasha, yenye masahihisho ya mwalimu pembeni, iliishia kuwashia moto jikoni. Ni pamoja na mchezo uliotufikisha mkoani. Sikuokoa hata ukurasa mmoja, na lawama hiyo ni yangu pia.

Kwa hivyo, mwalimu, weka faili moja: mswada, ratiba ya onyesho, maoni ya waamuzi, picha. Andika tarehe. Nawe mtahiniwa, soma maelekezo ya jukwaani kabla ya mwongozo. Simama, sema maneno ya mhusika kwa sauti, kisha ndipo uandike jibu. Jibu la mtu aliyeona jukwaa halifanani na la mtu aliyekariri.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tamthilia zetu nazo ni mali.