Kami: karagosi aliyebebeshwa somo moja

Kami ana umri wa miaka 5, na umri huo hajauvuka tangu Septemba 2002. Mwezi huo ndipo karagosi huyu wa kike, mwenye manyoya ya rangi ya haradali, alipoingia katika Takalani Sesame, kipindi cha watoto cha televisheni ya SABC nchini Afrika Kusini. Alikuwa wa kwanza katika ukoo mzima wa Sesame Street kuishi na virusi vya UKIMWI, Sida kama tunavyosema huku Katanga, nchini Congo. Mwaka 2003 UNICEF ilimtangaza kuwa mtetezi wa watoto duniani, na mwaka 2006 aliketi na Bill Clinton mbele ya kamera kuzungumzia ugonjwa huo. Watoto walimpenda, marais walimkumbatia. Hata hivyo, katika kipindi mama cha Marekani hakupewa nyumba, na karagosi wa Sesame Street anayejulikana hapa mjini kwetu Luena, hata kwa wasiojua anakotoka, ni Elmo.

Jibu linalotolewa haraka ni siasa. Julai 2002, mara tu habari za karagosi mwenye virusi zilipotangazwa kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Barcelona, wabunge kadhaa wa chama cha Republican waliiandikia PBS, shirika lililokuwa likirusha Sesame Street, wakionyesha wasiwasi wao. Waliambiwa kwamba hakuna mpango wa kumleta Kami Marekani. Ni kweli, na mlango ule ulifungwa hadharani. Lakini barua ya wiki moja haiwezi kueleza ukimya wa zaidi ya miaka 20. Sababu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo ndani ya Kami mwenyewe, katika namna alivyotungwa.

Tuanze na historia aliyopewa. Kami ni yatima: mama yake alifariki kwa UKIMWI. Yeye mwenyewe aliambukizwa akiwa mchanga, kwa kuongezewa damu. Mambo hayo mawili yawekwe pamoja. Mtoto ambaye mama yake amekufa kwa UKIMWI, njia iliyo karibu zaidi ya kumweleza ni kwamba aliambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Waandishi waliikwepa njia hiyo. Tarehe 5 Julai 2002, siku chache tu kabla ya habari za Kami kutangazwa, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliiamuru serikali kutoa dawa ya nevirapine kwa wajawazito wenye virusi katika hospitali za umma, ili wasiwaambukize watoto wao. Nchi nzima ilikuwa ikibishana kuhusu akina mama na damu yao. Kumpa Kami damu ya hospitali kulimwondolea mama lawama, na kulimwondolea mtazamaji swali ambalo mzazi angeona aibu kulijibu mbele ya mtoto wake. Ulikuwa uamuzi wenye huruma, na nauheshimu. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa: maelfu kwa maelfu ya watoto wa Afrika walioambukizwa na mama zao walipata rafiki asiyefanana nao katika jambo lile lile lililomfanya atungwe.

Halafu kuna tabia. Kami anapenda maumbile, anapenda kukusanya vitu na kusimulia hadithi. Ni tabia nzuri, ila hazina mgongano. Karagosi huishi kwa kutaka jambo na kulikosa. Cookie Monster anataka biskuti, Oscar anataka kuachwa peke yake kwenye pipa lake, na Elmo anataka kujua kila kitu sasa hivi. Mwandishi akikaa kuandika tukio la Elmo, hamu ya Elmo inaandika nusu ya tukio. Akikaa kuandika tukio la Kami, kitu cha kwanza kinachomjia ni virusi. Na kwa kuwa lengo ni kuonyesha kwamba mtoto mwenye virusi hana hatari kwa wenzake, Kami hawezi kukosea sana: hawezi kuwa mchoyo, hawezi kununa siku nzima. Anabaki mpole wa kupigiwa mfano. Wema wa namna hiyo unamlinda mhusika na pia unamfungia.

Elmo naye hakuzaliwa maarufu. Karagosi yule mwekundu alikuwa pembeni, akapita mikononi mwa wachezeshaji kadhaa, hadi miaka ya 1980 Kevin Clash alipomshika na kumpa sauti nyembamba na moyo wa mtoto anayependa kupendwa. Mwaka 1996 mwanasesere wake wa kucheka akitekenywa akagombaniwa madukani Marekani. Mwaka 1998 akapewa sehemu yake maalumu, Elmo's World, yenye takriban dakika 15 kwenye mwisho wa kipindi. Angalia mpangilio huo: kwanza mchezeshaji mmoja aliyemkuza kwa miaka, kisha bidhaa, kisha muda wa kudumu hewani. Ndivyo mhusika anavyojengwa akadumu. Kami aliingia kupitia mlango wa mradi.

Na mradi una mfadhili. Takalani Sesame ilianza mwaka 2000, ikiungwa mkono na wizara ya elimu ya Afrika Kusini na USAID, miongoni mwa wengine. Kami alipovuka mpaka kwenda Sesame Square ya Nigeria, akiwa na Zobi, karagosi dereva wa teksi wa rangi ya buluu, fedha za USAID zilikuwa hapo pia. Bila fedha hizo asingekuwapo, na wala sisemi vinginevyo. Ila fedha za mradi hulipia ujumbe kwa muda uliopangwa. Haziajiri mtu wa kufikiria mhusika atakuwa nani baada ya miaka 10.

Marekani kwenyewe desturi ni ile ile. Lily, anayekosa chakula cha kutosha nyumbani, alikuja mwaka 2011. Alex, ambaye baba yake yuko gerezani, mwaka 2013. Karli, anayelelewa na walezi, mwaka 2019. Wote walitengenezewa miradi ya pembeni, nje ya kipindi cha kila siku. Aliyevuka ni Julia, mwenye usonji: alianza kwenye kitabu cha kidijitali mwaka 2015 na Aprili 2017 akaingia kwenye televisheni, akichezeshwa na Stacey Gordon, mama wa mtoto mwenye usonji. Julia anachora, anaruka, anakataa kushikana mikono, anaanzisha mchezo ambao wenzake wanaupenda. Usonji wake unazaa matendo, na matendo ndiyo chakula cha karagosi. Virusi havionekani mwilini mwa mtoto anayetibiwa vizuri, na hapo ndipo fundi wa hadithi anapopimwa.

Jambo hilo la matibabu ndilo linaloniuma zaidi. Kami alitungwa wakati hospitali za umma za Afrika Kusini zilikuwa hazijaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi kwa wagonjwa wote. Mpango huo ulianza mwaka 2004. Mafunzo makuu ya Kami yalikuwa ya zama zile: mguse, cheza naye, usimwogope. Leo mtoto mwenye virusi ana kidonge cha dolutegravir cha watoto chenye ladha ya stroberi, kinachoyeyuka kwenye maji, kilichotangazwa mwishoni mwa 2020 kwa bei isiyofika dola 40 kwa mwaka. Hadithi ya kifo imekuwa hadithi ya kumeza dawa kila siku, ya kutokusahau, ya kuuliza kwa nini mdogo wangu hamezi. Humo mna hamu, mna kukataa, mna ujanja wa kuficha dawa chini ya ulimi: vitu vyote ambavyo Kami wa 2002 alivikosa.

Nchini Congo watoto wanaopata dawa hizo ni wachache mno wakilinganishwa na watu wazima. Kwa mji kama Luena, wa makaa ya mawe na reli, kusini mwa Bukama, sioni haja ya kungoja televisheni ili kuwasimulia hadithi hiyo. Tanzania ilikuwa na Kilimani Sesame, iliyotumia runinga, redio na vitabu kwa Kiswahili. Utafiti wa Borzekowski na Macha uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watoto 223 wa Dar es Salaam na Kisarawe kwa wiki 6, na waliokipokea zaidi kipindi hicho, kwa njia hizo tatu, walionyesha maendeleo zaidi katika masomo na katika maarifa ya afya. Redio ilikuwa mojawapo ya njia hizo, kwa hiyo sauti nayo hubeba somo.

Kinachotakiwa ni Kami wa redio anayesema Kiswahili cha Katanga, si cha Dar es Salaam, chenye kuchanganya Kifaransa na Kiluba kama watoto wa hapa wanavyochanganya. Dakika 5 jioni, saa ya dawa. Aambiwe ameze, agome, aseme tumbo limejaa, bibi yake amkamate akidanganya, wagombane, ameze, kisha atoke mbio kwa sababu wenzake wameanza mpira bila yeye. Kesho yake aje na kisingizio kipya.