Kompyuta ya Gemu Katoro: Anza na Umeme

Mtu mwenye pesa ndogo anayetaka kompyuta ya gemu huanza kwa kuuliza bei ya kadi ya picha. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, ambaye Kariakoo iko mwendo wa daladala, hakuna ubaya. Kwa aliyeko Katoro, Nyarugusu au pembezoni mwa Kahama, naamini huo ni mpango wa kuunguza pesa. Yeye aanze na umeme, na kadi ije baadaye.

Mota inapowashwa huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishashika kasi. Ukiwa transfoma moja na karasha la kusaga mawe ya dhahabu, au na mashine ya kukoboa mpunga, taa za nyumbani zinafifia kila mota inapoanza. Taa huvumilia. Pawa saplai za bei ya chini, zile zilizoandikwa 500W kwa herufi kubwa na zenye swichi ya 115/230 kwa nyuma, hazivumilii: zinataka umeme uliotulia karibu na volti 230, na ukishuka sana mashine inazima katikati ya mechi. Hata hiyo 500W mara nyingi huishia kwenye stika. Geuza boksi, tafuta mstari wa 12V, kisha zidisha volti kwa ampea. Ukikuta ampea 14, umepata wati 168, na huo ndio mstari unaolisha prosesa na kadi.

Kwa sababu hiyo naunga mkono kompyuta za ofisini za mtumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Wengi huzinunua kwa unafuu wake. Mimi nazipendekeza kwanza kwa pawa saplai iliyomo ndani. Chukua OptiPlex 9020 ya kasha kubwa. Ina wati 290 tu, lakini ni wati za kweli, na inapokea volti 100 hadi 240 bila swichi yoyote, kwa hiyo karasha likianza inaendelea kufanya kazi. Hesabu inatosha: prosesa ya Core i5-4570 imepangiwa wati 84, kadi ya GTX 1650 wati 75, vilivyobaki tuviwekee 40. Jumla ni kama wati 200.

Muuzaji atakupa pia 7010, ya kizazi kilichotangulia, kwa bei ya chini zaidi. Hapa pana mtihani wa kweli. Prosesa yake ya i5-3470 ndiyo hasa iliyotajwa kwenye mapendekezo ya GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015. Ila haina maagizo ya AVX2, na baadhi ya gemu za karibuni hazifunguki kabisa bila hayo; i5-4570 ya 9020 inayo. Upande wa pili, 7010 hutumia plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye madabodi, wakati 9020 ina plagi ya Dell ya pini 8. Pawa saplai ya 7010 ikiungua, fundi yeyote wa Geita atakufungia nyingine. Ya 9020 ikiungua, mashine italala mpaka upate adapta. Mimi ningechukua 9020, na adapta hiyo ningeiagiza siku hiyohiyo na kuihifadhi kabatini.

Kuhusu kadi, sharti ni moja: umeme wake wote iutoe kwenye sloti, ambayo hutoa wati 75 na si zaidi. GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye GB 4, inafaa, lakini kuna matoleo yake yenye tundu la pini 6 ubavuni, na kompyuta ya ofisini haina waya huo. Tazama ubavu kabla ya kulipa. GTX 1050 Ti ya 2016 ni mbadala mzuri, ila ina bandia nyingi, kadi za zamani zilizoandikwa jina jipya ndani ya programu yake. Kadi za kizazi hicho hazitoi mawimbi ya analogi. Ukiona tundu la bluu la VGA nyuma ya kitu kinachoitwa 1050 Ti, tia shaka, na mwambie muuzaji aikague kwa programu ya GPU-Z mbele yako. Kadi za RX 580 ziliuzwa kwa wingi baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuachana na uchimbaji wa kutumia kadi za picha Septemba 2022, na bei yake inashawishi. Iache: inakula wati 185.

Kama unaagiza Kariakoo na mzigo unakuja kwa basi, omba kadi ing'olewe na ifungwe peke yake. Ikining'inia kwenye sloti safari nzima, mtikisiko unaweza kuvunja sloti yenyewe.

RAM iwe vipande viwili vinavyofanana, kwa sababu madabodi husoma njia mbili kwa pamoja. GB 4 mara mbili zinatosha kuanzia. Weka SSD. UPS ya 650VA itakupa dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima vizuri. Vumbi jekundu lipulizwe kila mwezi kwa blowa, huku umeshika feni kwa kidole isizunguke, maana kuizungusha kwa nguvu huharibu beringi.

Kikomo cha mashine hii nakisema wazi. GTA V itaitendea haki. EA Sports FC 24 inataja i5-6600K kama kiwango cha chini, vizazi viwili mbele ya prosesa yetu, na inadai GB 100 za nafasi, mzigo ambao bando la simu haliubebi kirahisi. Tena Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel. Ukiongezewa pesa, usikimbilie kadi kubwa. Tafuta OptiPlex 5060 yenye i5-8500, viini sita kwa wati 65, kisha hamishia humo GTX 1650 uliyonayo.