Pongezi kwa Mafundi wa Arua na Koboko

Wastahili pongezi za dhati mafundi wa vyombo vya umeme wa Arua, Uganda, jirani ya Kongo, na wa Koboko, karibu na ikutanapo mipaka ya Kongo na Sudani Kusini. Kwani king'amuzi kigomapo katikati ya kuwaka, fundi hodari hukifungua, akatafuta ubaoni vidoa vya shaba visivyo na jina, aghalabu vinne, akapima kwa mita kipi ni ardhi, kipi chaleta volti 3.3, kipi chanena na kipi chasikiliza, hata, akiisha kuviunga kwa nyaya na kompyuta na kulinganisha kasi, mara nyingi biti 115,200 kwa sekunde, chombo chenyewe kikamweleza maradhi yake. Kiwanda kuuficha mlango huo wa vidoa, naona, ni dhuluma kwa mnunuzi. Msomaji, usikitupe chombo chako kabla fundi hajakitazama.